Kaye ya Michango na Nyama ya 30 Juni



Vikundi viwili vya wamama kutoka upande wa Kabambare vimeuliza namna sisi wa Kasongo tunavyofanya karamu ya kuchoma nyama wikendi ya 30 Juni. Mama prezida akaniambia, "Mwalimu, wewe una mkono wa kuandika, waandikie." Nimekubali, maana kwenye telefone mtandao hukatika kabla hatujafika hata kwenye chumvi. Lakini mnivumilie kidogo. Mimi ninafundisha darasa la tatu, na darasani nimezoea kuandika kosa ubaoni kwanza, ndipo tulisahihishe pamoja. Nitaanza na kosa, na kosa lilikuwa langu.

Mwaka 2023 Idi ya kuchinja na sikukuu ya uhuru ziliangukia juma moja. Tarehe 30 Juni ilikuwa Ijumaa. Tulikaa chini ya mwembe nyumbani kwa mama mwenye kasha, tukahesabu siku. Ijumaa asubuhi walimu na watoto wa shule wana mambo ya sikukuu, adhuhuri kuna swala, na Jumapili ni ya misa na ibada. Tukachukua Jumamosi, tarehe 1 Julai. Hapo hatukukosea, na hata ninyi nawashauri msipange siku bila kuwasikiliza watu wa pande zote. Mji wetu una askofu wake na una misikiti tangu enzi za Tippu Tip, na mara nyingi dini zote mbili ziko katika nyumba moja. Mama yangu mzazi anaimba kwaya, mjomba wangu wa tumbo moja naye anaswali swala tano. Karamu ya wamama ambayo nusu yao hawawezi kula ni kazi bure.

Kuchoma nyama kwetu ni kazi ya vijana wanaume. Mnawajua, wale wanaosimama barabarani jioni na mbabula zao, kitunguu, pilipili na kipande cha karatasi. Sisi wamama ni watu wa sufuria: sombe, wali, ugali, supu. Mama prezida aliposema kwamba mwaka huu tutachoma wenyewe, na waume zetu watakuja kama wageni, wakae, wanawe mikono na wangoje, tulipiga vigelegele hadi watoto wakaja kuchungulia.

Mimi nikapewa kaye ya michango. Nikachora mistari kwa rula: jina, tarehe, franka 10.000, saini. Aliyelipa nilimwandika kwa biki ya buluu. Ambaye hajalipa, kwa biki nyekundu. Ndiyo biki ninayotembea nayo mfukoni kila siku kwa ajili ya kazi yangu, sikuifikiria mara mbili. Kila mkutano nilisimama nikasoma majina, ya buluu kwanza, halafu mekundu. Mikutano ilikuwa mitatu. Watu wakacheka kidogo, wengine wakasema "nitaleta Jumatano," na mimi nikaona kazi inakwenda vizuri.

Siku yenyewe tulikuwa na mbuzi wawili na mpunga wa kutosha. Kwenye kaye tulikuwa wamama 41. Walikuja 27. Nyama ilitushinda, nitaeleza sababu yake mbele. Nje ilikuwa nyeusi, ndani inatoa damu, na moshi ulitufanya tulie kama watu wa msiba. Wali ndio uliotuokoa. Lakini lililonishangaza ni kwamba hadi saa kumi chakula kilikuwa bado kingi. Tulikata nyama ya watu 41. Nikafungua kaye nijue nani hakufika. Majina 14. Mmoja alikuwa amejifungua juma lile. Wengine wote 13 walikuwa wekundu.

Kati yao alikuwa jirani yangu, nyumba tatu kutoka kwangu. Alikuja Kasongo na watoto wake wanne alipokimbia vita vya Salamabila. Anasuka mikeka na kuuza sombe. Mtoto wake mmoja alikuwa darasani kwangu mwaka ule. Nikapakua sahani nzuri, wali na vipande vya nyama vilivyoiva, nikafunika kwa sahani nyingine, nikamtuma binti yangu apeleke.

Sahani zilirudi Jumapili jioni. Mnajua kwetu sahani hairudi tupu. Ile ya chini ilikuwa imeoshwa vizuri, na juu yake kulikuwa na karanga mbichi, rundo kubwa, zilizopembuliwa moja moja. Mtoto aliyezileta alisema, "Mama anashukuru," akakimbia.

Nilikaa nimezipakata zile karanga. Nikawaza: yule mama hakuwa mikono mitupu. Karanga zile zingetosha mchuzi wa watu kumi au zaidi. Lakini katika kaye yangu yenye mistari mizuri hapakuwa na mahali pa kuandika karanga.

Na mimi, kuliko watu wote, ningepaswa kujua. Walimu wenzangu mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya masomo ya msingi kuwa bure mwaka 2019. Siku ya kudai prime tulisoma majina ya watoto mbele ya darasa, na waliobaki na deni walirudishwa nyumbani. Mtoto hakuja kuaga. Hakusema, "Mwalimu, baba hana." Kesho yake benchi lilikuwa na nafasi, na kesho kutwa wenzake walikuwa wamejisogeza, nafasi ikafungwa. Niliwahi kumkuta msichana mmoja wa namna hiyo sokoni, amebeba ndizi kichwani. Aliponiona akageuza njia. Mimi ndiye niliyesoma jina lake, na yeye ndiye aliyeona haya. Sasa nikiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na diploma yangu ya pedagojia ukutani, nimefanya jambo lile lile kwa wamama wazima, kwa ajili ya mishikaki!

Nilimwendea yule jirani baada ya siku chache. Ni mkubwa kwangu, namwita yaya. Nilimkuta anasuka.

"Yaya, mbona hukuja?"

Hakuinua macho kutoka kwenye mkeka. "Mwalimu, ulisoma jina langu mara tatu. Ningekuja kukaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Tukanyamaza, na yeye akasuka mstari mzima. Halafu akasema, kama mtu anayezungumza na mkeka wake, "Lakini nilisikia harufu ya nyama yenu hadi hapa. Mliitia kwenye moto wenye ulimi. Nyama haichomwi na ulimi wa moto, inachomwa na makala yaliyonyamaza."

Nikamuuliza amejulia wapi. Kumbe Salamabila alikuwa akichoma nyama ya mbuzi na samaki kila jioni na kuwauzia wachimba dhahabu. Ndiyo kazi iliyolisha nyumba yake mpaka siku walipokimbia. Mtu pekee katika chama chetu aliyejua kuchoma nyama alikuwa nyumbani kwake, na kaye yangu ndiyo iliyomweka huko.

Basi mwaka 2024 tulianza upya. Sasa nieleze, kwa faida ya wale wa Kabambare.

Kwanza, mbuzi. Mnajua upande wetu nyama ya ng'ombe si ya kila siku, mbuzi ndiye wetu. Ukimnunua juma la sikukuu, mwenye kuuza anakutazama usoni na kuongeza bei. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka, tulipouza mpunga wa shamba letu la pamoja, tulinunua mbuzi wadogo wanne, waliokwisha kuacha kunyonya, tukawagawa katika nyumba nne. Waliowalea ni wamama wasio na franka za kutoa, na kulea huko ndiko mchango wao. Nisiwadanganye kwamba yote yalikwenda sawa. Mmoja alikufa mwezi wa tatu, tumbo limemvimba. Mwingine alikuwa jike na tukagundua ana mimba, wamama wakakataa kabisa achinjwe, na mimi pia. Tukabaki na wawili, tukanunua wa tatu kwa franka za waliokuwa na uwezo. Mbuzi wa kilo 18 akiwa hai atakupa nyama kama kilo 8 pamoja na mifupa, msihesabu zaidi ya hapo. Kichwa, miguu na matumbo vinakwenda kwenye supu, na supu ndiyo inayotuliza watu wakati nyama bado iko motoni. Tulijifunza hilo kwa njaa ya 2023.

Mchinjaji awe Mwislamu, achinje kwa taratibu yake, basi kila mama atakula bila kuuliza. Wakristo wetu hawajawahi kulalamika. Jambo ambalo tulisahau mara ya kwanza ni sufuria na visu. Kuna nyumba zinazopika nguruwe, si dhambi kwao, lakini sufuria yao isije kwenye karamu hii. Mama mmoja aliuliza kwa sauti sufuria ile kubwa imetoka kwa nani, na pakawa kimya kibaya. Sasa sufuria zote tunaziazima kwenye nyumba za Waislamu, na wale wengine wanaleta sahani, vikombe na mabenchi. Pombe haiingii uwanjani, wala ya chupa wala lutuku. Anayetaka anajua njia. Tunakunywa tangawisi na maji ya marakuja, na niseme ukweli, tangawisi ya mama mwenye kasha inawasha kuliko lutuku.

Jiko letu ni pipa la chuma lililokatwa kwa urefu, likalazwa juu ya matofali. Kabla ya siku yenyewe lichomwe moto mkali likiwa tupu, hata mara mbili, mpaka rangi na mafuta ya zamani yaishe, maana hamjui pipa lilibeba nini. Juu yake fundi alitupangia vyuma vya ujenzi, vile visivyopakwa kitu. Msitumie wavu unaong'aa wa kufugia kuku. Ule mng'ao ni zinki, ukipata moto mkali unatoa moshi mbaya. Vijiti vya mishikaki watoto wetu walichonga kutoka kwenye mbavu za makuti ya mchikichi, tukavilaza ndani ya maji usiku kucha ili visiungue kabla ya nyama. Vijana wa barabarani wanatumia spoku za baiskeli. Lakini zina joto, na watoto wadogo hutia mdomoni bila kungoja.

Sasa moto. Hapa ndipo yaya alipochukua ufalme. Alikuja saa moja asubuhi amefunga kitenge kiunoni, akatufukuza sote karibu na pipa. Makala yanawashwa saa nzima kabla ya nyama. Mnangoja mpaka ulimi uishe na makala yavae majivu meupe. Ukiweka kiganja juu, mahali nyama itakapolala, uweze kuhesabu polepole hadi nne au tano kabla ya kukiondoa. Ukifika kumi, moto umelala. Usipofika mbili, nyama itaungua nje na kubaki mbichi ndani, kama yetu ya 2023. Makala yarundikwe upande mmoja mengi na upande wa pili machache, nyama inaanzia kwenye mengi na kumalizikia kwenye machache. Mafuta yakidondoka na moto ukainua ulimi, sogeza nyama, usimwage maji. Maji yanarusha majivu juu ya chakula. Kwa mbuzi watatu tulitumia nusu gunia la makala na kitu juu yake.

Vipande viwe sawa, kama ukubwa wa kidole gumba, ili viive pamoja. Mbuzi wetu wa kutembea ana nyama ngumu, kwa hiyo chukua kipande cha papai bichi kama kiganja, kitwange pamoja na vitunguu saumu na tangawizi, ongeza ndimu, upake kilo tano. Saa moja, basi. Wifi yangu aliona saa moja ni kidogo, akaiacha nyama ndani ya papai tangu alfajiri, na ilipofika kwenye moto ikawa kama uji, ikaanguka kutoka kwenye vijiti. Yaya alimtazama tu. Chumvi tulitia mwishoni, kabla tu ya kuchoma. Pilipili inakaa pembeni, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya vidonda vya tumbo.

Juni ni kiangazi, hakuna mvua ya kuharibu karamu, lakini kuna upepo na kuna paa za nyasi zilizokauka. Tuliweka pipa mahali upepo unapoelekea uwanjani, si kwenye nyumba, na pembeni kulikuwa na ndoo ya mchanga na bidoni mbili za maji ambazo mtu haruhusiwi kunawia. Tukavuta kamba kuzunguka moto, watoto wasivuke. Kazi ya kulinda kamba tulimpa bibi mmoja mzee sana ambaye hawezi tena kubeba kitu. Alikaa na fimbo yake, hakuna mtoto aliyethubutu.

Kuna jambo moja ambalo silirudii kwa utani. Nyama mbichi na nyama iliyoiva zisikutane. Kisu cha hii si cha ile, na beseni la hii si la ile. Anayeshika mbichi asipakue. Chinjeni asubuhi ile ile, maana hatuna friji, na kinachobaki kichemshwe tena jioni, kigawiwe, kisilale. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, hata mkiambiwa ni ya leo, hata ikiwa bure, msiipokee. Yule mbuzi wetu wa mwezi wa tatu tulimzika, ingawa walikuwepo waliotaka kumkausha. Vivyo hivyo nyama ya porini ambayo hamjui ilikotoka, na hasa nyani na panya wa msituni. Ugonjwa wa mpox umo katika mkoa wetu wa Maniema, na karamu ya watu wengi si mahali pa kujaribu bahati.

Vya pembeni havitaki maelezo marefu, mnavijua kuliko mimi: wali, ugali wa muhogo, sombe ya mawese, makemba na mihogo juu ya makala yaliyobaki, kachumbari. Kuhusu firigisi za kuku na nani anastahili kuzila, sitaki kuanza vita hapa. Sisi tulichoma mbuzi, tatizo likatupita.

Nirudi kwenye kaye, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Kaye mpya haina safu ya franka peke yake. Ina jina, na mbele ya jina kuna neno moja: "Unakuja na nini?" Mama anajibu mwenyewe, nami naandika alivyosema, kwa biki moja ya buluu. Franka 5.000. Makala, beseni moja. Majani ya migomba ya kufunikia. Bidoni sita za maji kutoka chemchemi. Kulea mbuzi. Kutwanga. Mkeka wa kukalia. Ndimu ishirini. Kuosha vyombo. Mmoja alisema, "Nakuja na mdomo," kwa sababu anajua kuimba, na nikaandika mdomo. Kaye haisomwi mbele ya watu. Anayetaka kujua kama kitu kimetimia ananiuliza mimi, na mimi nikiona kitu kinapungua, tuseme makala, ninasema kwenye mkutano kwamba makala yanapungua. Sitaji mtu.

Mwaka 2024 tarehe 30 Juni ilikuwa Jumapili, tukaanza kula saa nane, baada ya misa na baada ya swala ya adhuhuri. Kati ya wale 13 walikuja 11. Kaye ilikuwa imeongezeka, tulikuwa zaidi ya 50 na watoto sikuwahesabu. Waume walikaa kama walivyoahidiwa, wakangoja. Mmoja aliinuka kwenda kuwaonyesha wamama namna ya kupepea moto, yaya akamkabidhi kipepeo chenyewe na kusema, "Pepea, baba, usiongee." Alipepea nusu saa nzima. Mke wake bado anasimulia.

Nyama iliiva.

Lakini kusema kwamba kila mtu alifurahi itakuwa uongo, na hawa dada zetu wa Kabambare watakutana na jambo hili hili, afadhali walijue mapema. Mama mmoja aliyetoa franka 20.000 alisimama katika mkutano wa Julai na kuuliza: "Mimi nimetoa franka, mwingine ameleta majani ya migomba, na sahani zetu zilikuwa sawa. Hiyo ni haki?" Wengine walimzomea, na hilo lilikuwa baya. Swali lake lilikuwa na uzito. Yeye ni mjane, anauza sabuni na mafuta sokoni, na zile franka hazikuanguka kutoka juu. Bibi wetu wa kamba akamuuliza nani alimwagia maji ya kunawa siku ile. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Hakurudi kwenye mkutano uliofuata, na mpaka leo hajarudi. Nimekwenda kwake mara mbili. Ananipokea vizuri, ananipa kiti, tunazungumza juu ya watoto, na nikitaja chama anabadilisha maneno. Kwa hiyo kaye ya kwanza ilitupotezea wamama 13, na ya pili imetupotezea mmoja. Mimi huyo mmoja ninamhesabu.

Tumejaribu kurekebisha. Mama mwenye kasha amesema franka zisizidi kiwango kimoja kwa kila anayetoa, ili asiwepo wa kujiona amenunua karamu wala wa kujiona amebeba wenzake. Anayetaka kutoa zaidi aziweke kwenye likelemba yake, zimrudie kwa zamu. Mimi nadhani hiyo ndiyo njia, ingawa prezida ana wasiwasi kwamba mbuzi watapungua. Tutaona. Mwaka huu tumelea watano tangu Januari, na hadi sasa wote wako hai, mmoja ana kikohozi.

Mwaka huu wa 2025 tarehe 30 Juni ni Jumatatu, kwa hiyo wikendi ni ndefu na hatuna haraka. Jumamosi tutachoma pipa, tutachonga vijiti na kupembua mchele. Jumapili jioni vijiti vinaingia majini. Jumatatu alfajiri mchinjaji, saa moja yaya na makala yake, saa saba watu kukaa. Bado tunatafuta mabenchi na mtu mwenye beseni kubwa la pili. Na yaya amesema safari hii anataka msaidizi wa kufundisha, kwa sababu hana hakika kama atakuwa hapa mwaka ujao. Kama barabara ya kwao itapitika, anataka kurudi kuona kama nyumba bado ina kuta. Wasichana wawili wamejiandikisha, na wifi yangu wa papai naye ameomba. Amemkubali, kwa shingo upande.

Wamama wa Kabambare, kama mnaweza kutuma watu wawili au watatu waje waone kwa macho, karibuni, mtalala kwetu. Msije na franka. Njooni na karanga, zenu ni tamu kuliko zetu.

Kaye iko kwangu. Anayetaka kuandikwa apite jioni baada ya saa kumi, nikiwa nimemaliza kusahihisha madaftari. Biki nyekundu inabaki shuleni.